Mtoto wa Akili Si Mulozi, Tena Si Shamba Letu

Wandugu wanafunzi, walimu wetu wapendwa, na ninyi wote mnaosoma gazeti letu,

Sisi makapita wa shule tumeombwa kuandika juu ya nidhamu katika trimestri hii. Wengi wanafikiri tutasema tena juu ya kengele ya asubuhi, juu ya sahani zisizooshwa, na juu ya wale wanaotoroka saa ya masomo ya jioni. Mambo hayo tumekwisha kuyasema mara nyingi, na yameandikwa kwenye mlango wa ofisi ya nidhamu. Leo tunataka kusema jambo lingine ambalo halikuandikwa kwenye mlango wo wote, lakini linaharibu watoto wa watu mbele ya macho yetu. Ni jambo la mtoto mwenye akili nyingi ambaye hafanani na wengine.

Wazo letu ni moja, na tunalisema tangu mwanzo kusudi hata yule anayechoka kusoma upesi apate kulijua. Katika shule mtoto wa namna hii anatumiwa na kila mtu, lakini hakuna anayemtaka. Wanafunzi wanataka majibu yake. Walimu wanataka pointi zake. Shule inataka jina lake siku ya proklamasio. Lakini yeye mwenyewe, pamoja na kunyamaza kwake, na maswali yake mengi, na namna yake ya kutembea, hakuna mtu anayemhitaji. Jambo hili si sawa, na shurti likome.

NI NANI TUNAYESEMA

Tafadhali msianze kutafuta jina. Hatusemi juu ya mtu mmoja. Watoto wa namna hii wako katika kila shule, na kila mwaka wanafika wengine.

Mmoja ni mvulana wa kilasi ya 7, miaka 11, aliyerushwa kilasi moja katika primere. Anajua mito ya Kongo tangu chanzo mpaka mwisho, lakini hajui kufunga kamba za viatu vyake vizuri. Ukimwuliza swali moja juu ya nyota, anakujibu dakika makumi mbili, hata kengele ikilia. Ukimfanyia mchezo wa maneno, haoni kwamba ni mchezo. Anaamini kila neno. Kelele za chumba cha kulia zinamwumiza masikio, na anakula akiwa ameinama kabisa juu ya sahani. Anataka kukaa kwenye kiti kile kile siku zote, na mwingine akikaa pale, analia. Mwalimu akikosa kitu ubaoni, yeye anasema mbele ya wote: “Mwalimu, pale haiko vile.” Hasemi kwa kiburi. Anaona kosa na anasema kosa, basi.

Mwingine anapata 19 juu ya 20 katika hesabu, lakini katika Kifaransa ni 6. Kila mwisho wa mwaka watu wanabishana kama yeye ni mwerevu ao ni mvivu.

Mwingine ni msichana. Huyu ana mzigo juu ya mzigo. Akishinda wavulana katika fizika, anaambiwa kwamba hakuna mwanaume atakayemwoa. Akisoma peke yake chini ya mti, dada zake wanasema anajiona. Tumesikia hata mama mmoja, siku ya kutembelea watoto, akimwambia binti yake: “Mwanangu, upunguze kidogo.” Apunguze nini? Akili?

Kati ya watoto hawa, wengine wana namna ambayo waganga wameipa jina. Katika mwaka wa 1943 mganga Leo Kanner wa Marekani aliandika juu ya watoto 11 aliowachunguza, ambao walipenda kukaa peke yao na kutaka kila kitu kibaki kama kilivyo. Jambo hilo linaitwa otizimu. Si kila mtoto wa akili ana otizimu, na si kila mwenye otizimu ana akili za shule. Tena kapita si mganga, hana ruhusa ya kumpa mwenzake jina la ugonjwa. Tunalitaja kwa sababu moja tu: mujue kwamba watoto hawa wameonekana katika inchi nyingi, na wenye elimu wamewachunguza kwa miaka mingi. Namna yao haitoki usiku, wala haitoki kwa bibi wa kijiji.

NENO LINALOPANDA GARI

Tunasema hivi kwa maana kuna neno moja linalotembea katika vyumba vya kulala. Neno hilo ni “mulozi.”

Mwanzo linakuja kama mchezo. “Ule mudogo anajuaka maswali mbele ya mwalimu kuyaandika. Usiku anaendaka wapi?” Watu wanacheka. Kesho yake mwingine anasema: “Mimi sipendi kulala karibu naye.” Kisha kitanda kimoja kinahamishwa, na kitanda cha pili. Mtoto anabaki katika pembe ya chumba na nafasi tupu pande zote.

Wandugu, neno hilo haliishi pale. Trimestri ikiisha, linapanda gari pamoja na mizigo na kufika nyumbani mbele ya biletini. Na pale nyumbani pengine kuna mtoto mchanga aliyekufa mwezi uliopita, ao baba aliyepoteza kazi, na watu wanatafuta ni nani aliyeleta mkosi. Mtu anasema: “Hata shuleni wenzake wanajua.” Basi, mchezo wa chumba cha kulala umekuwa ushuhuda. Sisi wote tumeona katika miji yetu watoto wanaolala sokoni na mbele ya maduka. Wengine kati yao hawakufukuzwa na njaa, walifukuzwa na neno hilo.

Katika mwaka wa 2010 shirika la UNICEF lilitoa uchunguzi juu ya watoto wanaoshitakiwa uchawi katika Afrika. Ndani ya wale wanaoshitakiwa kuna mayatima, kuna wenye kilema, kuna wenye kifafa, na vilevile kuna watoto wenye akili kupita kawaida, na wale wanaonyamaza sana ao kufikiri sana. Yaani kitu ambacho shule inakitafuta kwa mtoto, kuwa na akili na kufikiri, ndicho kinachoweza kumfukuzisha nyumbani.

Tena wengi hawajui kwamba jambo hili linakatazwa na sheria ya inchi yetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshitaki uchawi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ambayo ni ya kulinda mtoto, inaweka kifungo cha gereza kwa mtu anayemshitaki mtoto uchawi. Sheria haisemi “isipokuwa kama ni mchezo.” Kwa hiyo yule anayetupa neno hilo katika chumba cha kulala ajue anacheza na kitu gani.

KODI YA AKILI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu hawapendi lisemwe. Mtoto yule anayekimbiwa usiku, anatafutwa jioni.

Saa ya masomo inapoanza, yaya mmoja wa humanite anasimama nyuma yake. “Mudogo, leta kaye yako.” Wa pili anakuja na zoezi la hesabu, na wa tatu na karatasi nyeupe kabisa: “Unifanyie yote, nitaandika kwa mukono wangu.” Mtoto anafanya. Akikataa, sabuni yake inapotea, ao godoro lake linalowa maji, ao anapigwa vidole kichwani njiani kwenda kunawa. Akikubali, anaachwa kwa amani mpaka kesho. Hiyo si urafiki, ni kodi. Anailipa kusudi apate kuishi.

Siku ya interogasio ana marafiki kumi na watano. Siku ya posho, wakati wa mpira, hana hata mmoja. Akiomba kucheza wanamwambia: “Wewe unajuaka nini mu mpira?” Akiwa na malaria, wale waliokula kazi yake wiki nzima hawamchukulii hata kikombe cha uji. Shamba linalimwa na kuvunwa, lakini hakuna mtu anayelala shambani.

Wale wanaofanya hivi wanajidanganya tena wenyewe. Tangu mwaka wa 1967 kuna Egzame ya Serikali katika inchi yetu. Siku ile kila mtu anakaa peke yake mbele ya karatasi yake. Mudogo wa kilasi ya 7 hatakuwa katika chumba kile. Atakuwa amelala kitandani kwake, na yule aliyemla miaka yote ataangalia dirisha.

KWA WALIMU WETU, KWA HESHIMA

Walimu wetu, sisi ni watoto wenu na hatukuja kuwafundisha kazi. Turuhusuni tu kusema kile tunachokiona upande wetu, mahali ambapo ninyi hamuko.

Mara kwa mara mwalimu anasimamisha mtoto huyu mbele ya kilasi na kusema: “Muangalie huyu wa miaka 11! Anawashinda ninyi wenye ndevu!” Mwalimu anataka kuamsha wavivu. Lakini wenye ndevu hawaamki, wanangoja jioni. Sifa ambayo mwalimu ameitoa saa ine asubuhi, mtoto anailipa saa mbili ya usiku, na mwalimu yuko kwake anakula.

Sisi wote tunajua habari ya Yusufu na ndugu zake. Baba yake alimpenda na akamshonea kanzu kupita zote. Ndugu zake walipomkamata, kitu cha kwanza walichomvua ni kanzu hiyo, kisha wakamtupa shimoni. Kosa ni la ndugu zake, hatusemi kinyume. Lakini kanzu ile haikumlinda. Kumsifu mtoto mmoja kwa kuwapiga wengine ni kumvalisha kanzu hiyo na kumwacha aende nayo peke yake mpaka mahali ndugu zake wanapomngoja.

Kuna vilevile mwalimu anayekasirika mtoto akimwonyesha kosa ubaoni. Anamweka magoti kwa utovu wa heshima. Tunafikiri inafaa kumwambia mtoto huyo wazi, kwa sababu yeye haelewi yale yasiyosemwa: “Ukiona kosa, uje kuniambia kisha somo.” Ukimpa sheria wazi, ataifuata kupita sisi sote. Tumeona mwalimu mmoja aliyefanya hivyo, na tangu siku ile mtoto yule anangoja kengele, kisha anakwenda kwenye meza na kaye yake. Mwalimu anacheka naye, na kilasi haikupoteza kitu.

MTOTO ALIYEPUNGUZA POINTI ZAKE

Hapa tunafika penye kilichotusukuma kuandika. Katika mwaka huu tumeona biletini ya mtoto mmoja. Trimestri ya kwanza alipata 84 kwa mia. Trimestri ya pili, 58. Walimu walifikiri amegonjwa. Wengine walifikiri ni akili za kitoto ambazo zinawaka kama moto wa majani na kuzimika.

Tukamwita, tukakaa naye nyuma ya chapel, tukamwuliza kwa upole. Hakulia. Alijibu kama mtu anayesoma hesabu: “Nikijibu yote, wananipigaka. Nikijibu nusu, wananiachaka.”

Wandugu, musome jibu hilo mara mbili. Mtoto hakupoteza akili. Aliitumia. Alitafuta ni pointi ngapi zinazoleta amani, akazipata. Ametoa majibu ya kweli kichwani mwake na kuacha karatasi wazi. Shule yetu, ambayo wazazi wanauza mbuzi na mihogo kusudi mtoto afundishwe, imemfundisha kujifanya mjinga. Na hili ni somo moja ambalo amelishika vizuri kabisa.

Kuna mwalimu wa Marekani, jina lake Leta Hollingworth, aliyefuata kwa miaka mingi watoto wenye akili kupita sana. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1942, kisha kifo chake. Aliona kwamba mtoto mwenye akili kidogo kupita wenzake anaishi nao vizuri, lakini yule anayewapita sana anabaki peke yake, kwa sababu michezo na maneno yao hayakutani na yake, wala yeye bado hana miaka ya kukaa na wakubwa. Ukifikiri vizuri utaona ni kweli: kichwa kinaweza kuwa na miaka 16, na moyo ukabaki na miaka 11. Mtoto huyo anaweza kumaliza hesabu ya humanite jioni, na usiku akamlilia mama yake kama watoto wote wa miaka yake. Sisi tunaangalia kile kichwa, na tunasahau kwamba mwenye kichwa ni mtoto.

WENGINE WANASEMA

Tulipozungumza mambo haya katika kikao cha makapita, wengine walipinga, na maneno yao yana uzito.

Wa kwanza walisema: “Yeye mwenyewe anajitenga.” Pengine. Lakini tuangalie vizuri kitu gani kilianza. Mtoto aliyechekwa mara kumi akifungua kinywa, mara ya kumi na moja hafungui. Na kama kweli anapenda kukaa peke yake na kitabu, kosa ni nini? Vidole vya mkono havilingani, na hakuna anayekata kidole kirefu kusudi mkono uwe mzuri.

Wa pili walisema: “Huko nje maisha ni makali kupita hapa. Ni afazali azoee.” Maisha ni makali, ni kweli. Lakini mche haupandwi kwa kukanyagwa ati kwa sababu mvua ya mawe itakuja. Kwanza unazungushiwa miti, mpaka shina lipate nguvu.

Wa tatu walisema: “Mukimtetea, atapewa mapendeleo, atavimba kichwa.” Hapa tunakubaliana nao. Hatuombi mapendeleo. Mtoto wa akili atafagia chumba kama wengine, atakwenda salongo na jembe lake, ataosha sahani yake, atasalimia wakubwa. Kama hajui kusalimia, afundishwe, kwa sababu kuna watoto wanaojua mito yote lakini hawajui kwamba mtu akipita shurti umpe salamu. Hilo ni somo kama masomo mengine, halifundishwi kwa makofi.

MIFANO MIWILI

Katika mwaka wa 1887 alizaliwa katika Uhindi mtoto aliyeitwa Srinivasa Ramanujan. Katika hesabu hakuna aliyemfikia. Lakini alipoingia chuo alifuata hesabu tu na kuacha masomo mengine. Alianguka katika mitihani, akapoteza msaada wa masomo, akawa karani katika bandari ya Madras. Mwaka wa 1913 aliandika barua kwa mwalimu Hardy wa Cambridge katika Uingereza. Hardy aliangalia hesabu, hakuangalia biletini. Katika mwaka wa 1918 Ramanujan aliingizwa katika chama kikubwa cha wenye elimu cha Uingereza, Royal Society. Alikufa mwaka wa 1920, miaka 32 tu, na wenye hesabu wanasoma kaye zake mpaka leo. Tunamkumbuka kila mara tukisikia mtu akimcheka yule mwenye 19 na 6.

Mfano wa pili ni mwanamke, Temple Grandin, aliyezaliwa katika Marekani mwaka wa 1947. Ana otizimu. Alipita miaka mitatu bila kusema. Shuleni wenzake walimcheka kwa namna yake ya kurudia maneno. Alipokuwa na miaka 14, msichana mmoja alimtukana, naye akamtupia kitabu. Shule ikamfukuza yeye. Katika shule nyingine, ya internati kama yetu, alikuta mwalimu wa siansi ambaye hakumcheka kwa mambo aliyoyapenda kupita kiasi. Alimwambia ayageuze kuwa uchunguzi. Msichana yule alipenda kuangalia ngombe. Aliingia ndani ya njia wanamopitishwa, akainama kwenye urefu wa macho yao, akaona kitu ambacho wachungaji hawakukiona: ngombe hakatai kupita kwa ukaidi, anaogopa kivuli, ao mnyororo unaoning’inia, ao koti lililotundikwa juu ya ua. Ukiondoa koti, ngombe anapita bila fimbo. Grandin akawa mwalimu wa chuo kikuu katika Colorado, na sehemu kubwa ya ngombe wa inchi yake wanapitishwa katika vyumba vilivyojengwa kwa akili zake. Wale kati yetu ambao wazazi wao wanafuga kule Masisi ao Minembwe wanajua thamani ya kazi hiyo.

Lakini musituelewe vibaya. Hatusemi: “Mumtunze huyu mtoto kwa sababu siku moja atakuwa mtu mkubwa na atawakumbuka.” Kusema hivyo ni kodi ile ile, tumeiahirisha tu. Wengi wa watoto hawa hawatagundua kitu. Watakuwa walimu wa primere, mafundi wa redio, wauguzi, wakulima wenye namna yao. Hata yule ambaye hatatuletea jina wala faida ana haki ya kulala bila hofu na kuandika majibu yote anayoyajua.

TUNACHOKIOMBA

Makapita wamekubaliana mambo haya, na Bwana Prefe ameyasoma mbele ya gazeti kuchapwa.

Moja. Tangu siku ya kwanza ya juma linalokuja, hakuna mwanafunzi wa humanite atakayempa mdogo kazi yake ya shule. Mwenye kutaka kufahamu aombe kufundishwa, akae chini, ashike kalamu yake mwenyewe, tena aseme asante. Kufundishana ni kuzuri, tunakutaka. Kukulana hatukutaki. Kapita wa kila chumba cha masomo ataangalia jambo hili.

Mbili. Neno “mulozi” likitupwa juu ya mwanafunzi, hata kwa kicheko, litapelekwa ofisini siku ile ile. Halitahesabiwa kama matusi mengine.

Tatu. Vitanda vilivyohamishwa virudi mahali pake. Kapita wa chumba atalala karibu na kitanda kilichokimbiwa, kusudi wengine waone kwamba asubuhi ameamka mzima.

Ine. Chumba cha vitabu kitafunguliwa siku ya posho saa nane mpaka saa kumi, wakati wa mpira, kwa wale ambao hawachezi. Kapita mmoja atakaa pale. Mtu asiulizwe kwa nini hayuko uwanjani.

Tano. Tunawaomba walimu wetu wamtolee mtoto wa namna hii sifa yake kwa sauti ndogo, ao kwa kuandika ndani ya kaye, na wasimtumie kama fimbo ya kuwapigia wengine.

Na neno la mwisho ni kwenu ninyi wadogo ambao tumesema juu yenu bila kutaja majina. Kama umezoea kuacha karatasi wazi kusudi uachwe, sasa uandike. Uandike yote. Na mtu akikusumbua kwa sababu ya pointi zako, usimtafute mwalimu kwanza ikiwa unaogopa. Uje kugonga kwenye chumba cha makapita, hata saa za usiku. Sisi wafinalisti tumebakiwa na miezi michache tu hapa, kisha tutakwenda zetu. Lakini tutaangalia biletini ya trimestri ya tatu kilasi kwa kilasi, na pale ambapo pointi za mtoto zimeanguka bila sababu tutauliza ni nani aliyekaa karibu naye.

Kwa jina la makapita wote,
Kapita mkuu, mwanafunzi wa kilasi ya 4 ya humanite